Finn Juhl, Mchora Samani wa Denmark

Wasomaji wetu wa Songea waujua mpingo, mti mzito hata huzama majini. Katika misitu ya Brazili waota mti wa ukoo huo huo, ambao moyo wake ni wa rangi ya kahawia yenye michirizi myeusi. Kwa mbao zake mafundi wa Denmark, katikati ya karne iliyopita, walitengeneza makabati ya vyombo, marefu kwa upana na mafupi kwa kimo, ambayo leo hununuliwa kwa fedha nyingi. Miongoni mwa waliochora samani za namna hiyo alikuwa Finn Juhl, na twataka kueleza habari zake, kwa maana kazi yake iliigusa nchi yetu.

Alizaliwa tarehe 30 Januari 1912 huko Frederiksberg, karibu na Copenhagen. Mama yake alifariki siku chache tu baada ya kumzaa, akalelewa na baba yake, mfanyabiashara wa vitambaa. Kijana alitamani kusoma historia ya sanaa, lakini baba alimtaka ajifunze kuchora majengo, naye akakubali. Mwaka 1934 aliingia katika ofisi ya Vilhelm Lauritzen, akafanya kazi humo miaka kumi na zaidi.

Useremala hakujifunza kamwe. Alichora viti vilivyopinda kama viungo vya mwili, na kazi ya kuunganisha mbao za namna hiyo ilikuwa ngumu mno. Tangu mwaka 1937 alimpata Niels Vodder, seremala stadi, asiyeogopa michoro yake. Watu husifu jina la mchoraji, lakini sisi twaona ya kuwa pasipo mikono ya Vodder michoro ile ingalibaki karatasi. Walipeleka kazi zao katika maonyesho ya maseremala wa Copenhagen, na wengine wakazicheka, hasa kiti cha mwaka 1940 kiitwacho kwa jina la ndege mwari. Mwaka 1949 mfalme Frederik wa IX alikalia kiti chao kipya, na mtu mmoja akashauri kiitwe kiti cha mfalme. Juhl aliona jina hilo kubwa mno, akakiita kiti cha jumbe.

Baadaye alipewa kazi iliyo kubwa kuliko viti. Huko New York Umoja wa Mataifa ulikuwa ukijenga makao yake, na Denmark ilitoa zawadi ya kuupamba ukumbi wa Baraza la Udhamini. Juhl alizifunika kuta kwa mbao nyeupe za Ulaya, na darini akatundika masanduku ya rangi mbalimbali. Ukumbi ulikamilika mwaka 1952.

Baraza hilo ndilo lililosimamia Tanganyika, iliyotawaliwa na Uingereza. Basi tarehe 7 Machi 1955 Julius Nyerere, rais wa TANU, alisimama mbele ya Baraza akaeleza ya kuwa Tanganyika ni nchi ya Waafrika, nayo iandaliwe kujitawala. Habari za watu wa Songea nazo zilikuwa mikononi mwa Baraza lile, ingawa wengi wao hawakupata kusikia jina lake.

Mwaka huo huo wa 1955 Juhl alichora kabati lake refu la vyombo, lenye milango ya kusukuma kando na miguu ya chuma. Katika miaka ya 1960 watu walianza kupenda mitindo mingine, na kazi zake zikapungua. Alifariki tarehe 17 Mei 1989. Biashara ya ule mti wa Brazili ilikatazwa kwa mapatano ya mataifa mwaka 1992, na tangu mwaka 2017 hata mpingo wetu hauvuki mipaka pasipo kibali.

Baraza la Udhamini lilisimamisha kazi tarehe 1 Novemba 1994, baada ya Palau, nchi ya mwisho iliyokuwa chini yake, kupata uhuru. Ukumbi wenyewe ulitengenezwa upya, ukafunguliwa mwaka 2013, na masanduku ya rangi yangali yananing'inia darini.