Marehemu Mzee Kleist Sykes: Askari, Mfanyabiashara na Mtumishi wa Jamii (1894–1949)

Wilaya za Tarime na Serengeti zimetoa askari wengi tangu enzi za ukoloni, na wengi wao walirejea nyumbani wakiwa na maisha marefu mbele yao baada ya vita. Ni jambo jema basi kumtazama mzee mmoja ambaye hakuwa mzaliwa wa Mara wala Mkristo, lakini kazi yake ya kujitolea ilitengeneza njia ambayo mwana wa Mara, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere wa Butiama, aliipita baadaye.

Kleist Sykes alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu kutoka Msumbiji, mmoja wa askari walioletwa na Wajerumani chini ya Hermann von Wissmann kupigana na Abushiri. Baba huyo alifariki akiwa katika utumishi wa vita, na mtoto akalelewa na Mzulu mwenzake, Effendi Plantan. Hivyo Kleist aliachwa yatima na kazi ya silaha, na kazi hiyo hiyo ndiyo iliyomkuza. Alipata elimu ya Wajerumani, akajua lugha yao, akaingia jeshini.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, alikuwa kijana wa miaka ishirini. Alitumika upande wa Wajerumani chini ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck. Vita hivyo viliwatesa Waafrika wa pande zote mbili, hasa wapagazi, waliokufa kwa makumi elfu kwa njaa, maradhi na uchovu. Hata jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam ni ukumbusho wa kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps. Vita vilipokwisha, serikali aliyoipigania Kleist haikuwapo tena, na nchi ilikuwa na mtawala mwingine.

Hakukaa kuyalilia yaliyopita. Aliajiriwa na Shirika la Reli la Tanganyika, na baadaye akajitosa katika biashara mjini Dar es Salaam, wakati ambapo Waafrika wenye maduka walikuwa wachache mno. Kwa jasho lake alipata nafasi ya heshima katika mji. Hata hivyo, mali haikumfanya asahau wenzake.

Mwaka 1924 Dakta James Kwegyir Aggrey, msomi kutoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, alifika Dar es Salaam pamoja na Tume ya Phelps-Stokes iliyochunguza elimu ya Waafrika. Kleist alikutana naye, na wazo la Waafrika kuwa na umoja wao likamkaa moyoni. Mwaka 1929 African Association ikaundwa. Rais wake wa kwanza alikuwa mwalimu Cecil Matola, Mkristo, na katibu wake alikuwa Kleist, Mwislamu. Watu wa dini mbili waliketi meza moja kwa ajili ya watu wao.

Chama hakikuwa na fedha za kujenga ofisi, kwa hiyo wanachama walijenga wenyewe, kwa kujitolea. Kleist alikuwa mstari wa mbele. Nyumba hiyo ilisimama New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1933 alishiriki pia kuasisi Al Jamiatul Islamiyya, iliyoanzisha shule ili watoto wa Kiislamu wapate elimu ya dini na ya dunia pamoja.

Katika Vita Kuu ya Pili, wanawe Abdulwahid na Ally waliingia jeshi la King's African Rifles, wakapelekwa Burma. Baba alikuwa amekwisha kuijua vita. Sasa alibaki nyumbani akingoja habari, kama walivyongoja wazazi wengi wa Mara. Vijana hao walirudi salama.

Mzee Kleist aliaga dunia Mei 1949, bila kuuona uhuru. Mwaka 1953 Mwalimu Nyerere alichaguliwa Rais wa chama hicho, kilichokuwa sasa kikiitwa Tanganyika African Association, na Abdulwahid akawa makamu wake. Tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba ile ile iliyojengwa kwa mikono ya kujitolea, chama cha TANU kikazaliwa. Miaka saba baadaye Tanganyika ilikuwa huru.

Waliojenga hawakujua nyumba yao ingetumika kwa nini. Walijua tu kwamba ilihitajika. Hivyo ndivyo shule, zahanati na nyumba za ibada nyingi zilivyosimama nchini: mmoja hujenga, mwingine akaja kuingia. Mzee Kleist Sykes alikuwa miongoni mwa waliojenga.