Eric Sahlström, fundi ambaye hakuficha kazi yake

Wengi wetu hapa mashariki tunaijua Uswidi kwa sababu ya wamisionari waliofika Kivu na Injili. Leo tumtazame mtu wa nchi ile ambaye hakuja kwetu: Eric Sahlström, mpiga nyckelharpa.

Alizaliwa mwaka 1912 katika familia ya wapiga muziki wa kijijini, jimboni Uppland. Nyckelharpa ni chombo cha nyuzi, ndugu wa violoni. Mpigaji hukivaa kwa mkanda. Mkono wa kuume unavuta uta mfupi, wa kushoto unabonyeza vijiti vya mbao vinavyogusa nyuzi. Ni chombo cha kale: katika kanisa la Tolfta, huko huko Uppland, malaika walichorwa wakikipiga, karibu miaka 500 iliyopita.

Lakini Eric alipokuwa kijana, chombo hicho kilikuwa kinakufa. Akordeoni ilikuwa imeshika nafasi yake, na mafundi walibaki wachache. Tena nyckelharpa za zamani hazikutoa noti zote. Mwaka 1929 August Bohlin alitengeneza moja inayozitoa zote. Eric akaiendeleza kazi hiyo.

Chini ya nyuzi zinazopigwa kuna nyingine 12 ambazo uta hauzigusi; zenyewe huitikia. Eric alijua kuzisikiliza. Alipiga kwa wepesi, kila noti safi hata katika ngoma za haraka, na sauti iliendelea kulia baada ya uta kupita. Redio ilimfikisha mbali. Alitunga pia. Muziki wake mmoja wa polepole, Andakten, maana yake ibada, hupigwa makanisani hata leo.

Angeweza kuificha siri ya ufundi wake ili abaki peke yake. Hakufanya hivyo. Tangu miaka ya 1960 alifundisha watu wa kawaida kujitengenezea nyckelharpa. Aliyemaliza alirudi nyumbani na chombo chake, na mwenye chombo hutafuta wa kumfundisha kukipiga. Hivyo ndivyo kilivyopona.

Serikali ilimheshimu kwa mshahara wa wasanii. Alifariki mwaka 1986. Mwaka 1998 taasisi yenye jina lake ilifunguliwa Tobo, na leo wapigaji ni maelfu.

Kwetu pia wako wazee wenye ujuzi mikononi. Je, ni nani anayeketi karibu nao?