Tom Mboya na Deni la Wamarekani

Katika pwani yetu hii jina la Marekani lilifika kwanza mabegani mwa watu. Mwaka 1833 Sayyid Said wa Unguja alifanya mkataba wa biashara na Wamarekani, na nguo yao nyeupe ya pamba, iliyoitwa amerikani, ikaenea hata bara. Pamba ya nguo ile ilichumwa na watumwa, katika nchi ambayo mwaka 1776 ilikwisha kuutangazia ulimwengu kwamba watu wote wameumbwa sawa. Sisi wa pwani hii, ambako watumwa waliteremshwa kutoka bara mpaka Kilwa na Mikindani, hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo. Ahadi ni deni, na deni lile lilikaa muda mrefu bila kulipwa. Safari hii tumeona vema tueleze maisha ya mtu wa Afrika Mashariki aliyekwenda kulidai mlangoni mwa mdaiwa, naye ni Thomas Joseph Mboya wa Kenya.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge. Wazazi wake walikuwa Wajaluo wa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria, na baba yake alikuwa msimamizi wa vibarua. Wazee wetu waliokata mkonge katika mashamba ya Kusini wanajua mshahara wa kazi hiyo ulikuwaje. Kijana alisoma shule za misheni ya Kikatoliki, akafika Mangu, lakini karo ya kuendelea haikupatikana. Akaingia Jeanes School, Kabete, kujifunza kazi ya bwana afya, na mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi.

Huko ndiko alikoonja ubaguzi. Kwa kazi ileile, Mwafrika alilipwa sehemu moja kwa tano ya mshahara wa Mzungu. Siku moja alikuwa katika chumba cha kupimia maziwa, akaingia mama wa Kizungu, akatazama huku na huku, akauliza kama humo hamna mtu. Na Mboya amesimama mbele yake. Hakumtukana. Alimjibu, lakini hakulisahau, maana kuhesabiwa kuwa si mtu kunauma kuliko kupunjwa mshahara.

Mwaka 1952 ikatangazwa hali ya hatari kwa ajili ya Mau Mau, na mwaka uliofuata chama cha siasa cha Waafrika kikapigwa marufuku. Vyama vya wafanyakazi vikabaki kuwa mahali pekee pa kusemea. Mboya, akiwa na umri wa miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho lao. Mwaka 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma, naye akasimama katikati mpaka wakapata nyongeza. Wenzetu wa hapa Chikongola wanaoishi kwa kazi ya bandari wataielewa sifa aliyoipata.

Baada ya mwaka mmoja wa masomo Oxford, alikwenda Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 1956. Vyama vya wafanyakazi vya huko vikatoa dola 35,000 za kujenga nyumba ya wafanyakazi Nairobi. Mwaka 1957 akachaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, na Desemba 1958 akawa mwenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika yote huko Accra, naye ana miaka 28 tu.

Mwaka 1959 alirudi Marekani, akazunguka miji mingi akihutubia. Hoja yake ilikuwa rahisi: taifa lililozaliwa kwa kumkataa mkoloni haliwezi kuwanyima wengine haki hiyohiyo, wala haliwezi kuihubiri nje huku likiwabagua weusi wake nyumbani. Wakati ule, katika majimbo ya Kusini mwa Marekani, Mwamerika mweusi aliyetaka kupiga kura aliweza kupoteza kazi au uhai. Hivyo waliomwelewa zaidi walikuwa wao wenyewe, akina Martin Luther King, aliyekula naye chakula huko Atlanta, na Jackie Robinson, mchezaji mashuhuri. Sheria ya kuwalinda wapiga kura hao haikupitishwa hadi mwaka 1965.

Mboya hakuomba silaha, aliomba nafasi za masomo. Septemba 1959 ndege ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka 1960 Serikali ya Marekani ilipokataa kulipa nauli ya kundi la pili, alimwendea Seneta John Kennedy, na mfuko wa ukoo wake ukatoa dola 100,000. Katika kundi hilo alikuwamo Wangari Maathai. Hadi mwaka 1963 karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamekwenda, na baadhi walitoka Tanganyika.

Kenya ilipojitawala Mboya akawa waziri. Hapa hatuna budi kusema ukweli wote. Mwaka 1966 alikuwa fundi mkuu wa mbinu zilizomwondoa Oginga Odinga katika uongozi wa chama, na serikali aliyokuwamo ikapitisha sheria za kuwabana wapinzani na kuwaweka watu kizuizini bila hukumu. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Yule aliyewakumbusha Wamarekani ahadi yao, yeye naye alilegea katika ya kwake.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi akitoka duka la dawa katika barabara ya Government, Nairobi, ambayo siku hizi ni Moi Avenue. Alikuwa na miaka 38. Muuaji alinyongwa, lakini swali la nani alimtuma halijajibiwa mpaka leo. Alizikwa Rusinga. Mwaka uleule chama cha Odinga kikapigwa marufuku.

Tukiwa walimu wa zamani, tunaona somo lake ni hili. Maneno makubwa ya taifa lolote, liwe Marekani, Kenya au letu lenye Azimio la Arusha, hupimwa kwa jinsi anavyotendewa mtu wa chini: kibarua wa mkonge, kuli, mpinzani asiyependwa. Mwaka 2008 Wamarekani walimchagua Barack Obama, mtoto wa mwanafunzi Mjaluo aliyekwenda kusoma Hawaii mwaka ule wa 1959. Wengi walidhani deni limekwisha. Deni la namna hii halilipwi mara moja likafutwa katika daftari. Kila kizazi hulikuta mezani, na sisi hapa Mtwara tunalo letu.