Fannie Lou Hamer

Fannie Lou Hamer (jina la kuzaliwa: Fannie Lou Townsend, 6 Oktoba 1917 – 14 Machi 1977) alikuwa mtetezi wa haki ya kupiga kura nchini Marekani. Anakumbukwa hasa kwa ushahidi alioutoa mbele ya Chama cha Demokrasia mwaka 1964.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika jimbo la Mississippi, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto 20. Wazazi wake walilima shamba la mtu mwingine kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, utaratibu ambao kwa kawaida ulimwacha mkulima na madeni. Fannie Lou alianza kuchuma pamba akiwa na miaka 6, na shule aliiacha mapema. Hata hivyo alijua kusoma na kuandika vizuri, hivyo alipewa kazi ya kutunza kumbukumbu za saa za kazi katika shamba la pamba karibu na mji wa Ruleville, alikoishi na mumewe, Perry Hamer.

Daftari la wapiga kura

Nchini Marekani uchaguzi huendeshwa na majimbo, si na serikali kuu. Badiliko la 15 la Katiba, la mwaka 1870, lilikataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi yake, lakini Mississippi ilipata njia ya kuzunguka: mtihani na kodi ya kura. Mtu aliyetaka kujiandikisha alitakiwa kunakili kifungu cha katiba ya jimbo na kukieleza maana yake. Msahihishaji alikuwa karani wa kaunti, ambaye alikuwa Mzungu na hakulazimika kutoa sababu za kumfelisha mtu. Ndiyo maana Waafrika-Wamarekani, waliokuwa zaidi ya asilimia 40 ya wakazi wa jimbo hilo, walikuwa wachache mno katika daftari la wapiga kura.

Tarehe 31 Agosti 1962 Hamer alikwenda na wenzake 17 mjini Indianola kujiandikisha. Alishindwa mtihani. Jioni hiyohiyo mwenye shamba alimtaka aondoe ombi lake. Alipokataa, alifukuzwa kazi na makazi aliyokuwa ameishi kwa miaka 18. Alirudia mtihani hadi akafaulu Januari 1963, lakini alipotaka kupiga kura aliambiwa alete stakabadhi za kodi ya kura.

Juni 1963, akirudi kutoka mafunzo ya wapiga kura, alikamatwa na wenzake katika mji wa Winona. Huko gerezani polisi waliwaamuru wafungwa weusi wampige. Kipigo hicho kilimharibu figo na jicho, naye hakupona kabisa.

Mkutano wa 1964

Wakati huo Chama cha Demokrasia kilitawala Mississippi bila mpinzani wa maana. Aliyeteuliwa na chama ndiye aliyeshinda, kwa hiyo kumfungia mtu mlango wa mikutano ya chama kulikuwa sawa na kumnyima kura. Kwa kuwa mikutano hiyo ilikuwa ya Wazungu, Hamer na wenzake waliunda chama chao, Chama cha Demokrasia cha Uhuru cha Mississippi. Walichagua wajumbe wao kuanzia ngazi ya chini, wakaenda Atlantic City kudai kwamba wao ndio wajumbe halali wa jimbo.

Tarehe 22 Agosti 1964 Hamer alisimulia mbele ya kamati ya chama yaliyompata Indianola na Winona. Rais Lyndon Johnson, aliyeogopa kupoteza kura za Wazungu wa Kusini, aliitisha ghafla mkutano na waandishi wa habari ili televisheni zimwache Hamer. Hila hiyo haikufaulu, maana vituo viliutangaza ushahidi wake usiku huo, ukaonwa na watu wengi zaidi.

Viongozi wa chama waliwapa viti viwili tu, tena wakawachagulia watakaovikalia. Wajumbe walikataa. Cha ajabu, wengi wa wajumbe Wazungu waliotetewa hivyo waliondoka mkutanoni, na Novemba Mississippi ikampa kura mpinzani wa Johnson, Barry Goldwater.

Miaka ya baadaye

Mwaka huohuo Hamer alitembelea Guinea na kupokewa na Rais Sékou Touré. Kwa mara ya kwanza aliona watu weusi wakiendesha serikali yao. Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965 ilisimamisha mitihani ya aina ile. Mwaka 1968, mjini Chicago, Hamer aliketi kama mjumbe kamili wa Mississippi. Mwenyewe aligombea Bunge la Marekani na baadaye Seneti ya jimbo, lakini hakushinda. Mwaka 1969 alianzisha ushirika wa wakulima uliokopesha familia maskini nguruwe wa kuzalisha.

Alifariki mwaka 1977 kwa saratani na kuzikwa Ruleville. Januari 2025 alitunukiwa Nishani ya Uhuru ya Rais.