Bibi Salme: Cheo Kilimtoka, Kalamu Ikabaki

Natokea Amani. Kila daladala la Bububu likipita Mtoni, namkumbuka Bibi Salme. Alizaliwa hapo kasrini mwaka 1844, binti wa Sultani Seyyid Said. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hapana. Yeye akajifunza kwa siri, akinakili aya kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, Barghash alipomwasi kaka yao Sultani Majid, kigori huyu ndiye aliyewaandikia waasi barua zao.

Mwaka 1866 alitoroka, ana mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Walioana Aden 1867, wakahamia Hamburg. Mume akafa 1870 kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo.

Ulaya ya wakati ule iliheshimu sana vyeo vya kuzaliwa, lakini chake hakikumlisha. Alisomesha Kiarabu, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Alifariki Jena mwaka 1924.

Sisi tunaosomea ualimu tujiulize: tungemkuta darasani tungempa kalamu, au tungemwambia kusoma kunamtosha? Cheo alizaliwa nacho, kikamtoka. Alichojifunza mwenyewe hakuna aliyemnyang'anya.