Mohamed Amin: Mpiga picha aliyerejea kazini bila mkono wa kushikia lenzi

ALIYEWAHI kusimama ndani ya mashua kati ya Kilwa Masoko na Kilwa Kisiwani, akijaribu kuipiga picha Gereza kwa lenzi ndefu, anafahamu kwamba mkono wa kulia hubonyeza tu. Mzigo wote ni wa mkono wa kushoto. Kiganja huibeba lenzi kwa chini, kiwiko hubanwa ubavuni, na pumzi huzuiwa kidogo. Lenzi ya milimita 300 hutaka kasi isiyopungua sehemu moja ya 300 ya sekunde. Ikipungua, mapigo ya moyo tu yaweza kuitikisa picha. Enzi za filamu, kosa hilo halikuonekana hadi filamu iliposafishwa.

Mkono huo ndio alioupoteza Mohamed Amin mwaka 1991.

Amin alizaliwa Nairobi Agosti 29, 1943, lakini alikulia Dar es Salaam, ambako baba yake alihamishiwa na shirika la reli. Huko ndiko alikonunua kamera yake ya kwanza, Box Brownie iliyokwisha kutumika, akiwa bado mtoto wa shule. Mwaka 1963 alianzisha kampuni ya Camerapix katika jiji hilo. Mwaka uliofuata alipiga picha za Mapinduzi ya Zanzibar, na mwaka 1966 aliwekwa gerezani visiwani humo kwa zaidi ya wiki tatu. Baadaye shughuli zake zilihamia Nairobi.

Dunia ilimfahamu zaidi Oktoba 1984, picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, zilipoonyeshwa na BBC pamoja na taarifa ya Michael Buerk. Misaada ilimiminika, na Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid.

Ni Ethiopia hiyohiyo iliyomjeruhi. Juni 1991, ghala la silaha lililipuka jijini Addis Ababa akiwa kazini. Fundi wake wa sauti, John Mathai, alifariki dunia, na Amin akakatwa mkono wa kushoto.

Kwa mpiga picha, jeraha hilo lingeweza kuwa mwisho wa kazi. Kamera ya televisheni angalau hukaa begani. Ile ya picha za mnato haina pa kuegemea ila mikononi. Amin hakukubali kukaa ofisini. Aliwekewa mkono wa bandia unaotumia umeme, akajifunza upya kuishika kamera, na baada ya miezi michache akarejea kazini.

Aliendelea hivyo kwa miaka mitano. Novemba 23, 1996, ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia aliyopanda kurejea Nairobi ilitekwa nyara, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walipoteza maisha. Amin, aliyekuwa na umri wa miaka 53, alikuwa miongoni mwao.