Lavoisier na Siri ya Moto

Wahenga walinena kuwa moto huzaa jivu. Mjini Garissa, ukweli huo hushuhudiwa kila siku: debe zima la makaa ya mathenge likishateketea jikoni, huacha jivu haba lisilokaribia hata kidogo uzito wa makaa yenyewe. Ni rahisi, basi, mtazamaji kuamini kwamba ndani ya makaa mlikuwa na kitu kilichotoroka. Wataalamu wengi wa Ulaya wa karne ya 18 waliamini hivyo, na kitu hicho wakakiita flojistoni. Aliyeibomoa imani hiyo ni Mfaransa Antoine Laurent Lavoisier.

Lavoisier alizaliwa mjini Paris tarehe 26 Agosti 1743. Alisomea sheria, lakini moyo wake ulielekea sayansi. Mwaka wa 1768 alipokelewa katika Akademia ya Sayansi ya Ufaransa. Mwaka uo huo aliingia katika kampuni iliyomkusanyia mfalme kodi. Pato la kazi hiyo lilimpatia mizani bora kabisa. Pato lilo hilo ndilo lililokuja kumponza. Mnamo 1771 alimwoa Marie-Anne Paulze, ambaye alimfasiria maandishi ya Kiingereza na kumchorea vifaa vya maabara.

Mwaka wa 1772 Lavoisier alichoma fosforasi na salfa, akabaini kuwa uzito uliongezeka badala ya kupungua. Je, kitu kinachotoroka kingeongezaje uzito? Mnamo 1774 Mwingereza Joseph Priestley alimsimulia habari za hewa aliyoipata kutokana na zebaki, hewa iliyoufanya mshumaa kuwaka kwa nguvu. Ni kweli kwamba Priestley, na Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi, walimtangulia, naye hakuwapa sifa waliyostahili. Hata hivyo, Lavoisier ndiye aliyeitambua maana yake: kuungua ni kuungana na hewa hiyo. Aliiita oksijeni, yaani izaayo asidi kwa asili ya Kigiriki. Jina hilo lina kosa, kwani zipo asidi zisizo na oksijeni. Lakini limedumu, na Kiswahili nacho kimelirithi.

Aidha, akishirikiana na Pierre-Simon Laplace, alionyesha kuwa kupumua ni aina ya kuungua polepole.

Mapinduzi ya Ufaransa hayakuwasamehe wakusanya kodi. Tarehe 8 Mei 1794 Lavoisier alikatwa kichwa pamoja na wenzake, baba mkwe wake akiwamo. Alikuwa na umri wa miaka 50.

Jivu la Garissa, kwa hivyo, lina maelezo yake. Sehemu kubwa ya makaa haikupotea, bali iliungana na oksijeni ikapaa kama gesi. Ndiyo maana jiko la makaa huweza kuua watu waliolala katika chumba kilichofungwa: hewa ikipungua, makaa huzidi kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Moto na binadamu hula sinia moja. Anayelisahau hilo huenda asiamke.